Habari Hii Imefika Hatua Gani?

Juni 2019 nilitoka Mkomani, hapa Lamu, mbio, simu mkononi, hadi dukani kwa mjomba. "Mjomba, kesi ya makaa imekwisha! Leseni imefutwa!" Alikuwa akipima sukari. Akaiweka mizani chini, akasema alhamdulillahi. Ana shamba upande wa Kwasasi, kule kulikopangwa kujengwa mtambo wa umeme wa makaa ya mawe wa megawati 1,050.

Habari yenyewe ilikuwa kweli. Tarehe 26 mwezi huo Jopo la Kitaifa la Mazingira lilifuta leseni iliyotolewa na NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya, kwa kuwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Nilipokosea ni kwenye "imekwisha". Kampuni iliyotaka kujenga mtambo ilikata rufaa, na mjomba akaja kuyasikia hayo barazani, kwa watu. "Si ulinambia imekwisha?" Nilikosa la kumjibu. Alikuwa ameshaanza kupanda mikorosho kwa neno langu.

Tangu hapo, habari yoyote ya bunge au mahakama naanza kwa kutafuta kitenzi chake. Imewasilishwa? Imepitishwa? Imetiwa saini? Imesimamishwa, au imebatilishwa? Mswada si sheria, hata ukisambazwa mara elfu. Na agizo la muda halimpi mtu ushindi; linazuia tu mambo yasiendelee mpaka kesi isikizwe.

Tazama Sheria ya Fedha ya 2023, ile ya kodi. Mahakama ya Rufaa iliibatilisha yote tarehe 31 Julai 2024, watu wakashangilia. Oktoba mwaka huohuo Mahakama ya Upeo, iliyo juu ya zote, ikaupindua uamuzi huo. Aliyesoma habari ya Julai akaachia hapo, alibaki na ukweli uliokwisha muda wake. Habari za namna hii ndizo ninazoziogopa kuliko uongo wenyewe, maana ukizichunguza unazikuta ni za kweli. Kwa hiyo angalia tarehe, kisha uliza ni mahakama gani, na iliyo juu yake ni ipi.

Za teknolojia nazo ni vivyo hivyo. Mei 2025 Mahakama Kuu iliagiza Worldcoin, ile ya sarafu ya kidijitali, ifute data za macho na nyuso ilizokusanya Kenya. Mpwa wangu alinieleza kwamba sasa ni haramu kampuni yoyote kupiga picha ya jicho. Tukakaa tukasoma pamoja: kosa lilikuwa kukusanya data bila ridhaa halali na bila tathmini ya athari inayotakiwa na Sheria ya Kulinda Data ya 2019. Hukumu nyingi zimewekwa bure kwenye tovuti ya Kenya Law. Ni ndefu, lakini ruka hadi kurasa za mwisho, kwenye maagizo. Hapo jaji anasema waziwazi nani afanye nini.

Oktoba 2025 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Malindi iliitupa ile rufaa ya makaa. Safari hii nilikwenda dukani taratibu, nikamsomea mjomba maagizo yenyewe. Alisikiliza hadi mwisho.

"Wanaweza kukata tena?"

"Mahakama ya Rufaa bado iko juu, mjomba."

Akachukua kalamu, akaandika tarehe kwenye kalenda ya ukutani, akarudi kwenye mizani yake.