Kabla hujasakifu, ijue sakafu

Mwaka wangu wa kwanza wa uashi Mji Mkongwe wa Zanzibar nilitumwa nyumba moja ya mtaa wa Shangani, nikaambiwa maneno matatu tu: "Sakafu yao inavuja." Nikaingia ukumbini, nikapiga magoti, nikaanza kutafuta maji yanapochimbukia. Mama mwenye nyumba akanitazama kitambo, kisha akanyoosha kidole juu. "Mwanangu, sakafu ile."

Jioni nikamweleza mzee aliyekuwa akinifundisha kazi. Hakunikaripia. Aliniuliza kama chuoni nilifika Suratut-Tur, nami nikamsomea: *was-saqfil marfuu*. "Basi," akasema, "saqfu ni kilicho juu ya kichwa chako." Katika Suratul Anbiyaa, aya ya 32, mbingu yenyewe imeitwa saqfu iliyohifadhiwa. Neno nilikuwa nalo tangu utotoni, lakini sikuwahi kulihusisha na mwiko niliokuwa nao mkononi.

Kwa Kiarabu, basi, saqfu, lilikotoka neno letu sakafu, ni sehemu ya juu ya nyumba. Sisi tunaikanyaga. Limeshukaje? Nyumba ya makuti ina paa, na paa huteremka ili mvua ikimbie. Nyumba ya mawe ya zamani juu yake ni bapa: boriti za mikoko zimelazwa toka ukuta hadi ukuta, juu yake vipande vya mawe, kisha zege la chokaa na kokoto. Ukiwa chini, hicho ndicho kilichokufunika. Ukipanda ngazi, hicho hicho ndicho unachokikanyaga. Kitu ni kimoja, na neno likabaki moja. Baadaye hata zege la chini kabisa, lisilofunika chochote, likaitwa sakafu, na leo wengi wenu mnaijua hiyo tu.

Lina na kitenzi chake, kusakifu, na kitenzi hicho kina kazi ndefu ndani yake. Zege la chokaa halikumwagwa likaachwa. Lilipigiliwa kwa vipande, yaani vigongo vya mbao, watu wamejipanga mstari wakiimba ili mapigo yaende pamoja, siku baada ya siku, mpaka likashikana na kuzuia maji. Nawaomba mlikumbuke neno hilo, kupigilia. Asiyelijua hudhani chokaa ni dhaifu, kumbe hajaona chokaa iliyopigiliwa.

Narudi Shangani. Tulipochimba tulikuta matabaka mawili ya saruji juu ya chokaa ya asili. Kila ilipovuja, fundi aliyeitwa alimwaga tabaka jipya, kwa sababu akilini mwake sakafu ni ya kukanyagwa, na ya kukanyagwa ikiharibika huongezewa. Angejua ni paa pia, angejiuliza uzito ule unabebwa na nani. Unabebwa na boriti, na urefu wa boriti una kikomo. Ndiyo maana vyumba vya Mji Mkongwe ni vyembamba, kiasi cha mita tatu. Tena chokaa hupumua: ikilowa, hukauka. Saruji huufungia unyevu ndani, nao hutafuta mti. Boriti tulizozitoa katikati zilikuwa ngumu kama zimekatwa jana. Ncha zake, zilizozama ukutani, zilimomonyoka vidoleni kama ugoro.

Saruji nayo ni jina la zamani kuliko kitu tunachokiita hivyo. Waomani walikuwa na sarooj yao ya udongo uliochomwa, wakijengea ngome na mifereji ya maji, kabla Joseph Aspdin wa Leeds hajapata hataza ya saruji ya Portland mwaka 1824. Siichukii, nyumba za matofali siku hizi hazijengeki bila hiyo. Ila si dawa ya kila ufa.

Kwa hiyo ukiambiwa sakafu mbovu, uliza kwanza: ya juu au ya chini? Ikiwa ya juu, usianzie juu. Kaa chumba cha chini, fuata kila boriti mpaka inapoingia ukutani, gonga, kisha ichokonoe hapo kwa msumari mrefu. Ukizama bila nguvu, weka mihimili ya muda siku hiyo hiyo, waondoe watu chumbani, ndipo upande kuitazama chokaa. Na kibali cha Mamlaka ya Mji Mkongwe kiwe mkononi kabla hujabomoa hata shubiri moja.