Ushuru wa fegi umepanda, mbona wateja ni wale wale?

Swali: Habari daktari. Niko na kibanda Githurai, nauza soda, mandazi na fegi. Tunaambiwa ushuru unapandishwa ndio watu waache kuvuta lakini wanaokuja kwangu ni wale wale. Hii kitu inasaidia kweli ama ni serikali inatafuta pesa tu?

Jibu: Nzuri ndugu yangu. Ni yote mawili, sitakuficha. Lakini wewe umehesabu sura, hebu hesabu fegi. Kwa nchi za kipato kama chetu bei ikipanda asilimia 10 uvutaji hushuka kama asilimia 5 hivi, kwa hivyo wengi utaendelea kuwaona tu, ila yule wa fegi sita kwa siku anachukua nne, na kijana ambaye bado hajazoea anaona heri anunue bando. Huyo huwezi kumwona amepungua kwa sababu hajawahi kuwa mteja wako, na ndiye bei inamuuma zaidi.

Shida iko kwa vile ushuru wenyewe unapangwa. Kenya tunatoza kwa kila fegi 1,000, sio asilimia ya bei, na hapo tuko sawa maana kampuni haiwezi kuficha kitu kwa kutaja bei ndogo. Lakini zile hazina filta zilikuwa zinatozwa karibu shilingi 2,926 na za filta 4,067, basi mtu akibanwa anahamia za bei rahisi badala ya kuacha. Mwisho wa 2024 zote zikawekwa 4,100. Sasa piga hesabu, isiyo na filta iliongezeka shilingi 1 na senti 17 kwa fegi moja, ya filta senti 3. Senti tatu! Nani anaacha fegi juu ya senti tatu?

Na ile nyongeza ya ushuru ya kila mwaka ya kufuata mfumuko wa bei iliondolewa na sheria ya 2023, kwa hivyo bunge likinyamaza unga unapanda na ushuru wa fegi umekaa pale pale. Ufilipino walifanya vizuri, sheria yao ya 2012 iliunganisha viwango polepole hadi kikabaki kimoja 2017, halafu ikaweka asilimia 4 kila mwaka.

Halafu usinikasirikie, hiyo ya kuuza moja moja sheria ya tumbaku ya 2007 haikubali, pakiti isipungue fegi 10. Najua kila kibanda kinauza, lakini hapo ndio ushuru unapotea nguvu, mteja hasikii kabisa bei ya pakiti, anatoa sarafu mbili tatu mfukoni na ameenda.