Moyo unaumwa, mbona wamempima mshipa wa tumboni?

Dokta shikamoo. Mama kavimba miguu, analalia mito mitatu, tukampeleka kupiga ultrasaundi wakamwekea kile kidude na mafuta yake ya baridi chini ya chembe ya moyo, wakamwambia avute pumzi kwa pua, karatasi imeandikwa mshipa 2.4 sm haunywei. Ndo nini?
Msomaji, Makorora, Tanga

Marahaba binti yangu. Huo ni mshipa mkubwa unaorudisha damu ya miguuni na tumboni kwenye moyo upande wa kulia. Sasa moyo ukishindwa kusukuma damu inajazana nyuma, we si umeona foleni pale Pangani pantoni ikichelewa, basi ndo hivyo hivyo. Kwa kawaida mshipa hauzidi 2.1 sm na mtu akivuta pumzi ghafla unanywea, yaani unasinyaa, zaidi ya nusu, wa mama umetanuka na umegoma kunywea, maana yake presha ya damu inayoingia moyoni iko juu na mwilini kuna maji mengi.

Ila namba moja haitoshi, hata vijana wa mazoezi wanaweza kuwa na mshipa mpana na wazima kabisa! Lazima waangalie na nguvu ya moyo kusukuma. Dawa za kukojoa zikifanya kazi mshipa unaweza kupungua, atapimwa tena. Mpime uzito kila asubuhi akishatoka chooni, akiongeza zaidi ya kilo 2 ndani ya siku 3 mrudisheni. Na ng'onda, wale samaki wakavu wa chumvi, mwondoleeni, ile chumvi balaa.