Mvua Haimsubiri Mfadhili

Kwa miaka mingi kazi yangu ya agronomu, yaani mtaalamu wa kilimo, imekuwa kati ya Uvira, Fizi na Kalemie, mashariki mwa Kongo, kufuatana na watu wanaorudi mashambani bunduki zikinyamaza. Barua ninazojibu safari hii nyingi zimetoka huko huko, na mbili kwa waliosukumwa mbali zaidi. Nimezifupisha na majina nimeyaacha.

Jambo agronomu. Nimerudi kijijini karibu na Baraka na watoto watano. Shamba limekuwa pori. Nina jembe moja, na chakula tulichopewa kitaisha baada ya wiki sita. Nipande nini kwanza? (Mama, Fizi)

Jambo mama, na pole kwa njia yote hiyo.

Usilivamie shamba zima. Safisha kwanza kipande karibu na nyumba, hatua ishirini kwa ishirini, umwage lengalenga na uchomeke marando ya viazi vitamu. Lengalenga utaanza kuchuma baada ya wiki tatu au nne, na majani ya viazi yatakuwa mboga kabla viazi vyenyewe havijaanza kujaa chini. Hicho ndicho kitakachokuvusha wiki ya saba na ya nane, wakati mgao umekwisha na hakuna kilichokomaa. Maharage yafuate papo hapo mvua ikishika, kwa kuwa yanataka kama miezi mitatu. Katikati ya maharage chomeka muhogo siku hiyo hiyo. Watu wengi huuahirisha kwa sababu unachelewa kukomaa, nami nasema unachelewa ndiyo maana uwahi kuupanda.

Muhogo ndio uliotulisha tangu vita vya 1996 na vile vya 1998. Ghala la mahindi huchomwa kwa kiberiti kimoja. Muhogo umekaa ardhini, na mwenye bunduki aliye na haraka hana muda wa kuuchimba. Lakini nikuombe mambo mawili kuhusu muhogo.

La kwanza ni mbegu. Ugonjwa wa batobato husambazwa na inzi weupe, na sisi wenyewe tunausambaza zaidi kwa kubeba miti yenye ugonjwa. Baada ya vita ndipo tunapokosea sana, kwa sababu mtu huokota mti wowote anaoukuta njiani akashukuru. Nenda kwa jirani shina likiwa bado na majani, ulitazame kutoka juu hadi chini. Jani lililojikunja lenye mabaka ya njano na kijani liache. Majani safi pande zote, lifunge uzi, hilo ndilo la kuomba. Ukishalikata na kulipukutisha majani, ugonjwa hauonekani tena, na utakuwa umeupanda kwa mkono wako.

La pili ni kuloweka. Ule muhogo mchungu unataka siku tatu majini, na njaa hutushawishi tuzifanye moja. Mwaka 1981, wakati wa ukame huko Nampula, Msumbiji, watu zaidi ya elfu moja, wengi wao wanawake na watoto, walikakamaa miguu ghafla kwa sumu ya muhogo usiolowekwa vizuri. Ugonjwa huo unaitwa konzo na hauna tiba ya kuirudisha miguu. Vita vilipokuwa vikiisha huko, mwaka 1992 na 1993, ukatokea tena. Ukiwa na unga usiouamini, ukande kwa maji, utandaze mwembamba kwenye ungo, uuache kivulini saa tano, ndipo usonge bugali. Sumu nyingi hutoka na hewa.

Nilikimbia mwaka 2017, nikaacha shamba la marehemu baba. Sasa nimekuta familia nyingine inalilima, nayo ilikimbia kwao. Chifu anasema tusubiri. Ndugu zangu wanataka tuwatoe kwa nguvu. Nifanye nini? (Kijana, Kalemie)

Mdogo wangu, kwanza washike ndugu zako mikono. Mkoa wenu wa Tanganyika ulishaona mwaka 2016 na 2017 kilichotokea kati ya Waluba na Wabatwa, vijiji vizima vikageuka majivu. Shamba lililopatikana kwa panga halilimiki, kwa sababu utaliogopa kila jioni.

Wewe una haki na wao wana shida, na yote mawili ni kweli. Sheria ya ardhi ya Kongo ya tarehe 20 Julai 1973 inasema ardhi ni mali ya Serikali. Kuhusu mashamba yanayoshikwa kimila, sheria hiyo iliahidi kwamba amri ya Rais ingekuja kueleza haki za wanaoyalima, na miongo ikapita bila amri hiyo. Kwa hiyo mtu kama wewe hana karatasi. Ushahidi wako uko kwenye vichwa vya wazee, nao wanapungua kila mwaka. Ndiyo maana naona neno la chifu la "tusubiri" ni la hatari. Msisubiri, ila mwende polepole.

Muombe chifu aitishe matembezi ya mpaka. Nimeyashuhudia kijiji kimoja kando ya ziwa. Wazee wawili walitangulia, majirani wa pande zote nne nyuma yao, familia iliyokuwa ikilima nayo ikiwemo. Mzee mmoja alikuwa akitafuta mwembe uliokuwa alama ya pembe ya shamba. Mwembe ulikuwa umekatwa kwa ajili ya makaa. Wakazunguka vichakani karibu saa nzima, watu wameanza kununa, mpaka mtoto akajikwaa kwenye kisiki. Yule mzee alikipigia magoti akakishika kama mtu anayemshika ndugu. Ubishi wa upande ule ukaisha hapo hapo.

Baada ya matembezi, andikeni. Kilichopo shambani sasa wakivune wao waliokipanda, huo ndio uungwana, na ndiyo njia inayokubalika kwa wasuluhishi wengi. Kama wana muhogo mchanga, wapeni mpaka ukomae, huku ninyi mkianza upande mmoja. Kama hawana pa kurudi, zungumzeni kukodishiana kwa misimu miwili au mitatu, kodi itajwe kwa makopo ya Guigoz, yale ya kupimia nafaka, au kwa pesa, na tarehe ya mwisho iandikwe. Kila upande ubaki na nakala, chifu abaki na ya tatu. Mama yako na dada zako nao watie dole gumba. Karatasi nyingi nilizoona zina majina ya wanaume tu, na mwanamume akifa mjane anaanza kukimbia upya akiwa kijijini kwake.

Kuna neno hapa kwa mashirika pia. Kabla ya kugawa jembe na mbegu, ulizeni shamba ni la nani. Mbegu mnazompa mtu kwa shamba lenye ugomvi zinaonekana kama hukumu, na aliyekosa mgao anajua tayari ameshindwa kesi.

Tulipewa mbegu za maharage mvua ikiwa karibu kwisha. Tulikuwa na njaa, tukazipika. Sasa wanasema tulipoteza msaada na hatutaandikwa tena. Tulikosea? (Kikundi cha wakulima, Uvira)

Kwa kuzipika mkala hamkukosea. Mtu mwenye njaa aliyepewa maharage yasiyoweza tena kupandwa, alitegemewa ayafanyie nini? Ila kama zilikuwa zimepakwa rangi, nyekundu au samawati, hiyo ni dawa ya wadudu au ya kuvu, na hazipikwi kamwe, hata mkiziosha mara kumi. Aliyezila akihisi kutapika, kizunguzungu au kutokwa mate mengi, aende kituo cha afya akaseme wazi amekula nini.

Jambo hili linaniuma kwa sababu nilishalifanya mwenyewe. Shirika nililokuwa nalo lilisaini mkataba na mfadhili mwezi Oktoba, wakati msimu A, ule wa kwanza wa kupanda, watu huuanza Septemba. Zabuni ikala wiki saba. Magari yakakwama kwenye matope. Tukashusha magunia katikati ya Desemba, tukapiga picha. Mama mmoja akafungua mfuko wake hapo hapo, akasugua punje kati ya vidole, rangi nyekundu ikambaki mkononi. Akaniuliza: "Hizi zinaoshwa mara ngapi?" Nikamjibu habari za msimu B, ule wa pili wa kupanda. Msimu B ulikuwa miezi miwili mbele na watoto wake walikuwa wamesimama nyuma yake. Ripoti yetu iliandika idadi ya kaya zilizopata mbegu. Ya kaya zilizopanda hatukuiandika, kwa sababu hakuna aliyeiuliza.

Mvua ina tarehe zake, na mwaka wa fedha wa Brussels au Washington una zake. Anayetaka kumsaidia mkulima afuate za mvua. Gari likichelewa wiki tatu, lipeleke chakula au pesa, mbegu zingoje msimu unaofuata.

Na mara nyingi mbegu zenyewe hazikosekani. Baada ya mauaji ya kimbari ya Rwanda ya mwaka 1994, wataalamu wengi walidhani aina za maharage za nchi ile zimepotea. Waliokwenda kuchunguza vijijini wakakuta nyingi bado zipo, majumbani na sokoni. Viazi mviringo ndivyo vilivyoumia zaidi, kwa kuwa mbegu yake ilitegemea taasisi zilizokuwa zimevunjika. Kwa maharage, kilichokuwa kimepotea kwa wengi ni pesa ya kununulia. Tangu hapo umeenea utaratibu wa maonyesho ya mbegu. Mnapewa kuponi, wauzaji wa mbegu wa maeneo yenu wanakuja na magunia yao siku moja, kila mtu anachagua aina anayoijua, na pesa inabaki kijijini. Yatakeni hayo kwa maandishi, na mtaje wiki mnayopanda.

Kuhusu kufutwa kwenye orodha, andikeni barua, mwambatanishe tarehe mliyopokea mbegu. Wanayo sahihi yenu ya kupokea, na tarehe iko hapo.

Shikamoo. Niko kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania. Mhudumu alimpima mwanangu wa miaka miwili mkono kwa utepe, ukasimama kwenye njano. Hiyo ni bwaki? (Mama, Kasulu)

Marahaba. Njano maana yake mkono una kati ya sentimita 11.5 na 12.5. Chini ya 11.5 ni nyekundu, utapiamlo mkali. Mwanao yuko kwenye utapiamlo wa wastani, kwa hiyo usikose siku aliyopangiwa kurudi kupimwa.

Bwaki, yaani utapiamlo wa kuvimba mwili, haionekani kwenye utepe. Bonyeza miguu yake yote miwili upande wa juu, si chini ya nyayo, kwa dole gumba, uhesabu sekunde tatu. Shimo likibaki miguu yote, mpeleke leo leo, hata utepe ungesema kijani. Uji wake utie karanga zilizosagwa na dagaa waliotwangwa, na umpe mara nyingi, kidogo kidogo. Ukipewa pakiti za dawa-lishe, ni za huyo mtoto peke yake. Najua ilivyo ngumu wenzake wakiwa wanatazama.

Kikundi chetu cha kuweka na kukopa kina wanawake 22. Tunaogopa sanduku litaibwa na wenye silaha, kama lilivyoibwa la wenzetu. Tuache? (Mweka hazina, Fizi)

Msiache, dada. Sanduku liwe tupu. Sanduku linaloibwa ni lile lililolala na pesa, na pesa iliyolala haina kazi. Siku ya mkutano, hisa zikishawekwa, mikopo itolewe yote kabla ya watu kutawanyika: huyu mtaji wa ndagala (dagaa), huyu vibarua wa kupalilia, yule ada. Kinachobaki ndani ni vitabu na mfuko mdogo wa jamii wa msiba na ugonjwa. Funguo tatu kwa wanawake watatu wa nyumba tofauti, sanduku kwa wa nne.

Jifunzeni na kukariri. Kabla ya kufunga, mtunza sanduku ataje kwa sauti pesa iliyobaki, na kila mwanachama aikumbuke. Mkutano unaofuata mnaanza kwa kuulizana. Utaratibu huu ulianza Niger mwaka 1991 kwa wanawake ambao wengi hawakujua kusoma, na umefika kila mahali. Nimeona kikundi kilichokimbia bila sanduku, bila kitabu, wakakutana ng'ambo ya ziwa wakaketi chini na kutajiana madeni yao yote. Mgawanyo wa akiba upangeni uangukie wiki mbili kabla ya kupanda, pesa ikute mbegu sokoni.

Kila mradi unatuambia neno "ustahimilivu". Sisi tumestahimili tangu 1996. Januari 2025 mji wa Goma ukachukuliwa na waasi, Februari kambi zikavunjwa tukaambiwa turudi kwetu. Kuna faida gani kupanda tena? (Baba, Masisi)

Mzee wangu, una haki ya kulichukia neno hilo. Limetumiwa kana kwamba kazi ya mkulima ni kujizoeza kupigwa. Mei 2018 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio 2417 linalolaani kuwanyima raia chakula kama mbinu ya vita. Anayechoma shamba lako anavunja sheria, na hakuna mafunzo ya kilimo yanayoweza kulipa badala yake. Tunaofanya kazi hii tunapaswa kulisema hilo kila tunapoomba pesa za mbegu.

Kama utapanda au hutapanda, hilo ni lako wewe unayeijua njia na usiku wa huko. Ukiamua kupanda, mbegu usiiweke nyumba moja. Igawe mara tatu: kwako, kwa wakwe, na kwa mtu aliye mjini. Maharage makavu kabisa yajaze kwenye chupa za plastiki hadi shingoni, kizibo kikazwe, bungua watakufa kwa kukosa hewa. Bibi mmoja aliyeshuka kutoka huko milimani alinionyesha upindo wa kitenge chake. Aliufumua kwa jino, zikaanguka punje za aina nne, akazitaja moja moja kwa majina: ya kukomaa mapema, ya kupanda mtini, ya kuuza, ya wageni. Alikuwa amebeba mtoto mgongoni na sufuria kichwani, na hizo.

Niandikie tena ukiwa umefika, useme uko mwinuko gani na umebaki na aina zipi. Nyingi zinazozaa huko juu hazifai huku ziwani, kwa hiyo nitakutafutia wa kubadilishana naye wa huko huko, kabla ya Septemba.