Gari la zamani likianza kugonga miguu: utengeneze au uuze?

Toyota IST yangu ya mwaka 2003 ilipofika kilomita 241,000, mguu wa mbele kushoto, yaani vyuma na mipira inayoshikilia tairi, ulianza kugonga. Nakaa Goba, Dar es Salaam, na ukiacha lami kuingia kwetu ni mashimo matupu. Kila tairi likidumbukia, ko! Fundi wa kwanza hata jeki hakupiga. Alibonyeza gari kwa mbele mara mbili akasema, "Dada, shokapu zimekufa hizi." Nikaenda Kariakoo nikanunua mbili mpya, pamoja na ufundi, shilingi 320,000 zikaondoka. Jioni ile ile, shimo la kwanza tu, ko! Usiku nilishapiga picha za kulitangaza linauzwa.

Nashukuru sikulitangaza. Fundi wa pili, mzee mmoja wa Ilala, aliliinua kwanza. Akashika tairi juu na chini, akalitikisa, likacheza. Akaniambia nikanyage breki, akatikisa tena, likaendelea kucheza. "Lingetulia ningesema beringi, mwanangu. Hii ni boljointi, kile kiungo cha duara kinachoshikilia tairi kwa chini." Akashika kushoto na kulia, tairodi, vyuma vya usukani vinavyogeuza tairi, zilikuwa nzima. Akachomeka mtaimbo kwenye bushi za amu, yaani mipira ya ule mkono wa chuma unaounganisha tairi na bodi: mpira umepasuka hadi chuma kinaonekana. Na kile kilichokuwa kinagonga siku zote, linki ya stabilaiza, kijichuma kinachoshika fimbo inayozuia gari kulala kwenye kona, alikichezesha kwa vidole viwili.

Boljointi ndiyo iliyonitia hofu. Bushi ikichoka utasikia kelele na tairi litaliwa upande mmoja, lakini boljointi ikichomoka tairi linalala ukiwa barabarani. Mimi nashuka kilima cha Makongo kila asubuhi na watoto wawili nyuma. Kama pesa haitoshi, anza na boljointi na tairodi, bushi zifuate.

Lakini kabla ya spea yoyote, mwombe fundi aangalie kutu. Fungua boneti, angalia pale shokapu inapofungwa kwa juu, kisha chini kwenye bolti za amu. Magari mengine yametumika kaskazini mwa Japani, ambako barabara humwagiwa chumvi wakati wa theluji, kwa hiyo kutu huja nayo. Kaka yangu alikuwa na Noah yenye miguu mizuri kuliko yangu, ila bati linaloshika shokapu lilikuwa limeoza, bisibisi inazama. Hapo usiweke hata shilingi. Yeye aliliuza likakatwe spea.

Kilomita nyingi peke yake hazinitishi. Watu husema matengenezo yasizidi nusu ya bei ya gari. Mimi nauliza, hilo la kulibadilisha nalipata wapi? Ukiagiza la miaka mingi kutoka nje kuna ushuru wa uchakavu. Ukinunua la mkononi hapa Dar, unanunua boljointi za mtu mwingine.

Kwa miguu, spea za mtumba siziamini, hasa bushi na boljointi, kwa sababu mpira unazeeka hata ukiwa umekaa tu. Shokapu badilisha mbili mbili. Na ukitoka gereji nenda moja kwa moja kapime alaimenti, yaani matairi yanyooshwe, la sivyo tairi jipya litaliwa ndani ya muda mfupi.

Kazi ya yule mzee ilinigharimu 270,000. Leo gari liko kilomita 263,000, mbele kimya kabisa. Shokapu za nyuma zimeanza kuvuja mafuta. Pesa yake nimeshaitenga, Jumamosi narudi Ilala.