Je, Nyumba ya Mviringo Yafaa kwa Familia ya Mombasa?

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, assalamu alaikum. Marehemu baba alituachia kiwanja huku Utange, chenye miembe miwili na minazi michache, nami nimekusudia kujenga hapo nyumba ya kuishi na mama pamoja na wanangu. Moyo wangu umependa nyumba ya mviringo yenye paa la makuti, kwa sababu nasikia kwamba umbo hilo huwakutanisha watu na kuwaweka karibu na miti na hewa. Kaka zangu wanapinga, wakisema kwamba hayo ni mambo ya hoteli za watalii. Je, manufaa hayo ni ya kweli?
Msomaji, Utange

JIBU: Waalaikum salaam, dada yangu. Manufaa yapo, lakini hayaletwi na umbo peke yake, bali na mahali utakapoweka milango, madirisha na baraza. Nyumba ya mviringo iliyozibwa pande zote humtenga mtu na miti yake sawasawa na nyumba nyingine yoyote.

Waambie kaka zako, kwa heshima, kwamba msonge ulikuwa makao ya jamii nyingi za bara kabla ya hoteli ya kwanza kujengwa katika pwani yetu, na kwamba hapa Mombasa mnara wa Mbaraki, uliojengwa kwa mawe ya matumbawe, ni wa mviringo na umesimama kwa karne nyingi. Katika jimbo la Fujian nchini China yako majumba makubwa ya udongo, mengi yao ya mviringo, ambamo ukoo mzima uliishi pamoja huku vyumba vikizunguka ua mmoja wa katikati. UNESCO iliyaorodhesha kuwa urithi wa dunia mwaka 2008, mwaka uleule yalipoorodheshwa makaya ya Wamijikenda.

Kwetu sisi, jambo lililo kubwa zaidi ni upepo. Kaskazi hutujia kutoka kaskazini-mashariki na kusi hutoka kusini-mashariki, na ukuta wa mviringo huupokea kila mmoja bila kuugongesha kwenye pembe, kwa kuwa upepo ukiufikia hugawanyika, hupita mbavuni kwa kasi, kisha hukutana tena upande wa nyuma. Penye kasi hiyo mbavuni hewa huvutwa kutoka ndani, kwa hiyo ukifungua madirisha mapana upande wa mashariki na mengine ubavuni na nyuma, nyumba itapumua karibu mwaka mzima. Paa refu la msonge nalo huipandisha hewa ya moto juu, mbali na vichwa vya wanaoketi, mradi fundi aache upenyo wa kutokea kileleni. Hivyo ndivyo mtu anavyoishi na majira badala ya kujifungia na feni.

Tazama pia ardhi yenyewe. Duara lenye kipenyo cha mita 8 lina eneo la mita za mraba 50 hivi, ilhali mraba wa mita 8 kwa 8 una 64. Zile 14 zinazobaki kwenye pembe nne ni nafasi ya asumini, mlangilangi na mkilifi, kila kimoja kikiwa karibu na dirisha. Ukuta nao hupungua, kwani kuzungushia mita za mraba 64 kwa duara kwahitaji mita 28 na ushei, na kwa mraba mita 32. Hata hivyo, usitarajie gharama ishuke kwa kiasi hicho, maana kazi ya kupinda ukuta humchukua mwashi muda mrefu zaidi.

Kuhusu watu, katika duara hakuna anayesukumwa pembeni: mama ataona nyuso zote kutoka popote alipoketi, na watoto wakizungumza watasikika. Lakini vyumba vya kulala vilivyokatwa ndani ya duara hutoka na umbo la pembetatu, ambamo kitanda na kabati havikai vizuri. Kwa maoni yangu, duara liwe ukumbi wa kuketi na kula, lenye baraza la kuelekea miembe, na vyumba vya kulala viwe katika jengo la kawaida lililounganishwa nalo kwa ujia wenye paa. Ujia huo utamfanya kila mtu apite penye hewa na kijani akienda kulala.

Makuti hushika moto upesi na huhitaji kubadilishwa kila baada ya miaka kadhaa, kwa hiyo jiko litengwe kabisa na paa hilo. Mvua ya masika itadondoka kuzunguka duara lote; chimba mfereji wa kina kifupi, ujaze kokoto, na uelekeze maji yake kwenye mashina ya miembe.

Kabla ya kuchimba msingi, peleka michoro kwenye serikali ya kaunti ipate idhini. Kisha mwambie fundi asimamishe kigingi katikati ya kiwanja na kuzungusha kamba, nawe uangalie duara hilo linapita umbali gani na mizizi ya miembe, kwa sababu kukisogeza kigingi siku hiyo hakuna gharama yoyote.