Skauti wangu wapange kempi wenyewe, nikubali?

SWALI: Habari yako mhariri. Mimi ni mwalimu na ndiye patroni wa skauti shuleni kwetu hapa Nakuru. Vijana wangu wa Mwamba, hawa wa miaka 15 hadi 17, wananisumbua kila siku wanataka kwenda mbuga ya Hell's Gate karibu na Naivasha walale usiku mmoja na wapange kila kitu wenyewe bila kampuni ya utalii. Wazazi wengine wamekataa kabisa wanasema ni hatari. Nifanyeje?

JIBU: Mwalimu, wakubalie, na uende nao. Wapange wao, wapike wao, ramani washike wao, lakini neno la "tunarudi" libaki lako na wajue hivyo kabla hawajapanda matatu.

Hell's Gate ni pazuri kuanzia kwa sababu ni kati ya mbuga chache Kenya ambazo unaruhusiwa kutembea kwa miguu ama baiskeli, simba si wa kawaida huko, ingawa nyati wapo na huyo usimchezee, mkimwona mnazunguka mbali mkiwa pamoja. Kutoka geti la Elsa hadi kule kwenye korongo, lile bonde jembamba la miamba, ni kama kilomita 7 au 8 na jua la huko halina huruma, kwa hivyo hesabuni lita 4 za maji kwa kila mtu kwa siku pamoja na ya kupikia. Kempi zipo ndani, kwa mfano Naiburta na Ol Dubai, bukini mapema na muulize KWS, shirika la wanyamapori linalosimamia mbuga, kama kuna bei ya wanafunzi.

Sasa hilo korongo ndilo linafanya wazazi waogope na wana haki. Mwaka 2012 mafuriko ya ghafla yaliua vijana wa kanisa waliokuwa wametembea pale, na 2019 yakaua watu tena. Kule chini kuta zimebanana mahali pengine mpaka unagusa huku na huku kwa mikono, mwamba umelainishwa na maji hauna pa kushika, na mvua inaweza kuwa inanyesha mbali huko juu na wewe kichwani kwako jua linawaka tu, ukija kusikia mngurumo umechelewa. Kwa hivyo April na May sahauni korongo kabisa, na hata miezi ya kiangazi muulizeni renja asubuhi hiyo hiyo, mwingie na mwongozaji wa pale, na akisema hapana basi ni hapana hata kama vijana wamenuna.

Waite wazazi shuleni, halafu wewe nyamaza. Patroli lida, yaani kijana anayeongoza kikundi, asimame aeleze njia, maji, nani amebeba vifaa vya huduma ya kwanza, nani ana nambari za simu za wazazi, mvua ikija wanatokea wapi. Akikwama kujibu swali la mzazi, tarehe isogezwe mpaka jibu lipatikane.